Tuliamriwa Kukaa Ndani, Hatukuamriwa Kukaa Kitako



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Mwisho. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi wetu, leo nataka tuzungumze jambo ambalo baadhi yenu mtaona si la madrasa. Nalo ni mazoezi ya mwili katika siku ambazo watu wameamriwa kubaki majumbani kwa sababu ya maradhi.

Najua kuna atakayeuliza, "Ustadh, corona si ilishapita?" Ni kweli, amri zile za 2020 na 2021 ziliondolewa. Lakini sisi wa Uganda tunajua kuwa jambo hili hurudi kwa jina jingine. Oktoba 2022 wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa kwa ajili ya Ebola. Usafiri wa kuingia na kutoka ulizuiwa, nyumba za ibada zikafungwa, na haikuwa mpaka Desemba 17 mwaka ule ndipo amri ilipoondolewa. Nani kati yetu ana hakika kuwa wilaya yake haitafuata? Tunamuomba Allah atuepushe. Lakini mwenye busara hutengeneza paa kabla ya mvua.

TUKUMBUKE YALIYOTUPATA

Machi 18, 2020 ilitangazwa kuwa swala za jamaa misikitini zisimame. Shule zikafungwa, madrasa zikafungwa, magari ya abiria yakasimama, na mwishoni mwa Machi kukawa na kafyu ya kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wakakosa kazi, na waliobaki na nguvu wakakosa pa kuzipeleka. Ndipo Kampala ikaingia katika mbio. Northern Bypass ikajaa watu asubuhi na jioni, makundi kwa makundi, bega kwa bega, wanahema mmoja usoni mwa mwenzake.

Sitajificha. Na mimi nilikuwemo. Nilikwenda mara mbili, na mara ya pili nilifuatana na vijana wanne wa madrasa. Nilijiambia kuwa nawaepusha na uvivu. Aprili 2020 serikali ilipopiga marufuku mazoezi ya barabarani, nilikasirika, nikasema mbele ya vijana wale wale, "Sasa wanataka tufe kwa presha?" Siku chache baadaye Rais Museveni alionekana katika video, miguu mitupu, anakimbia kuzunguka ofisi yake, kisha anapiga pushapu 30. Wakati ule alikuwa na miaka 75. Wengi tulicheka. Lakini baada ya kucheka nilibaki na swali: kama mzee wa miaka 75 amepata nafasi kati ya ukuta na ukuta, mimi kilichonishinda ni nini?

MZEE WETU NA DAKIKA 100

Nina jirani, mzee wetu, mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi. Kabla ya Machi 2020 hakukosa swala hata moja msikitini. Kwa mwendo wake ni dakika kumi kwenda na dakika kumi kurudi. Zidisha mara tano. Mzee huyu alikuwa anatembea dakika 100 kila siku, na wala hakuna aliyeyaita mazoezi, hata yeye mwenyewe. Yeye alikuwa anakwenda kuswali tu.

Msikiti ulipofungwa, dakika 100 zikawa sifuri kwa siku moja. Wanawe walimpenda, wakamwogopea, na walikuwa na haki ya kumwogopea, kwani mzee mwenye kisukari alikuwa miongoni mwa waliodhuriwa zaidi na corona. Wakamwekea kiti barazani, wakamletea chai, wakamletea redio, na akitaka kusimama wakamwambia, "Mzee, pumzika." Akapumzika miezi sita. Mwishoni mwa Septemba 2020 misikiti ilipofunguliwa kwa watu wasiozidi 70, nilimwona anafika mlangoni ameshikwa mikono miwili, na ngazi tatu za msikiti zikamshinda. Corona haikumgusa. Kilichomwangusha ni kile kiti.

Wanawe hawakukosa kutii. Walikosa kukamilisha. Na mimi niliyekuwa nikipita pale kila siku, ninayefundisha watoto kuwa mwili una haki juu ya mtu, sikusema neno. Ndiyo sababu naandika leo.

UTII NA AMANA

Kuna makundi mawili yaliyokosea mwaka ule. Kundi la kwanza ni sisi tuliokwenda barabarani. Tulisema afya ni muhimu, na ni kweli, lakini tukasahau kuwa afya ya jirani nayo ni muhimu. Mtume (s.a.w.) alikwisha kutufundisha kuwa tauni ikiwa katika nchi, aliye nje asiingie na aliye ndani asitoke kuikimbia. Khalifa Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akapata habari ya maradhi. Akashauriana na watu, kisha Abdurrahman bin Auf (r.a.) akamjulisha mafundisho hayo ya Mtume, naye akamshukuru Allah na kurudi Madina. Ikiwa Umar na jeshi lake waligeuza njia, mimi na viatu vyangu vya raba ni nani?

Kundi la pili ni waliokaa ndani na kudhani wajibu umekwisha pale. Hadithi inatueleza kuwa muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wana kheri. Na tumefundishwa kuwa neema mbili zinawapita watu wengi bila kuzifaidi: afya na wasaa. Siku za kufungiwa tulipewa wasaa, tukautumia kula afya.

JE, SWALA HAITOSHI?

Swali hili huulizwa sana, na baadhi ya walimu wenzangu hujibu kuwa inatosha. Mimi nina maoni tofauti. Swala za faradhi kwa siku ni rakaa 17, yaani rukuu 17 na sijda 34. Hapana shaka viungo vinafaidika. Lakini tunaswali kwa ajili ya Allah, si kwa ajili ya magoti. Anayeigeuza swala kuwa mazoezi ataiharakisha, na utulivu ndani ya swala ni sehemu ya swala yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kumfanya aheme kidogo, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa saa moja kila siku. Kwa mtu mzima ni kama nusu saa kwa siku tano. Tuiache swala iwe swala, na mwili tuupe haki yake mbali.

LINALOWEZEKANA NYUMBANI

Rai yangu ni nyepesi. Msikiti ukifungwa, zile hatua za msikitini zisifungwe. Kila inapofika adhana, kabla ya kutawadha, tembea ndani ya ua, barazani au hata chumbani, dakika zile zile ambazo ungetembea kwenda. Sitoi fatwa kuwa hatua za uani zina thawabu za hatua za msikitini. Lakini tunajua kuwa mtu akizuiwa na ugonjwa au safari huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda, na rehema ya Allah ni pana. Mzee asiyeweza kutembea peke yake ashikwe mkono na mjukuu. Mzee mwenye maradhi amuulize daktari kiasi gani kinamfaa.

Mwenye nguvu aongeze: kukimbia papo hapo, kuchuchumaa na kuinuka mara ishirini, pushapu, kuruka kamba, kuinua madumu ya maji ya lita tano. Haya hayahitaji senti.

Najua wengi wetu hatuna ua. Tunaishi katika vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, uwanja ni mmoja na kamba za nguo ni nyingi. Kwetu tulipochelewa kutambua, tulifanya hivi: kila nyumba ilipewa robo saa yake baada ya Alasiri, nyumba moja inatoka, nyingine zinabaki milangoni. Watoto waliingoja zamu yao kama wanavyoingoja Idd.

Na hapo ndipo nilipopata somo nisilolitarajia. Tulipokuwa tunagawa zamu, Hajati mmoja jirani yetu aliniambia, "Ustadh, nyinyi wanaume mmelia kwa wiki tatu mkikosa barabara. Sisi na mabinti zetu barabara hiyo tulikuwa nayo lini?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Umesema kweli, Hajati."

Wazazi wenzangu, tulifikirie hili. Mtoto wa kiume anacheza mpira, anapanda baiskeli. Binti akifika miaka kumi na miwili tunamwambia akae, na tunaita heshima. Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini, baada ya Mtume kuwaambia watu watangulie mbele. Stira ilikuwepo na mbio zilikuwepo. Basi zamu ya akina mama na mabinti tuliiweka asubuhi baada ya kafyu kuisha, na wanaume wakabaki ndani. Jambo hilo halikuhitaji maradhi ili lifanyike, na halikupaswa kuisha pamoja na maradhi. Lakini liliisha. Amri zilipoondolewa, wanaume tukarudi barabarani, kamba za nguo zikarudi uwanjani, na zamu ya mabinti ikasahauliwa.

Mzee wetu, alhamdulillah, yu hai. Anakwenda msikitini kwa Adhuhuri na Alasiri tu, kwa fimbo, na mjukuu pembeni. Dakika 100 hazijarudi. Naona huenda hazitarudi tena.

Kwa hiyo nawausia, na kuiusia nafsi yangu kwanza: amri ya kukaa nyumbani ikija, tuitii kwa moyo mmoja, kwani ndani yake mna uhai wa majirani zetu. Kisha tuangalie nani ndani ya nyumba amekaa kitako tangu asubuhi. Tusimwambie apumzike. Tumwambie, "Mzee, inuka, tutembee kidogo, adhana imekaribia." Na kwa kuwa leo hakuna kafyu, tuanze leo, tena tuanze na mabinti.

Allah azitie nguvu jamaa zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia kwa maradhi yale, na atujaalie tuwe wenye kuzitunza amana zake. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.