Mbele ya kutia mkono, tuangalie «tout»

Wandugu wa migodi, kuko neno moja ya Kifaransa yenye kila mtu anasema anaijua: «tout». Lakini mu kontra, ile neno inakula feza.

«Tout le salaire» ni mshahara wote. «Tout salaire», bila «le», ni kila mshahara, wowote ule. Kiswahili kina maneno mbili, «-ote» na «kila». Kifaransa kinafanya zote na neno moja, na tofauti ni ile «le» ndogo. Ndiyo maana karatasi ya «pour solde de tout compte», yenye inaletwa siku ya kuachishwa kazi, haisemi hesabu ya mwezi huu tu. Inasema kila hesabu kati yako na kampuni: congé, préavis, saa za ziada, yote imefungwa.

Ingine ni «toutes primes comprises». «Prime» ni ya kike, na hapa ziko nyingi, basi «toutes» inafuata, na «comprises» vilevile. Wengi wanaona «toutes primes», wanafurahi, wanangojea prime juu ya mshahara. Mwezi unaisha, hakuna kitu, juu prime ya usiku na ya shimo zimekwisha kuhesabiwa ndani ya ule mshahara.

Sikio haisaidie hapa. «Tout agent» na «toute équipe», ile «t» inasikika sawasawa, lakini «agent» ni ya kiume na «équipe» ni ya kike, hata ikiwa na wanaume kumi na mbili wenye ndevu. Tena sisi hapa Katanga tunasema «bantu yote, bintu yote, feza yote» bila kugeuza. Ni shule inadai «watu wote, vitu vyote». Mwenye kuzoea vile akiandika «toute agent», si mjinga.

Kuko mkubwa wa kazi mmoja alirudisha barua ya delege juu ya makosa kama ile, na kicheko juu. Hapo tunakataa. Deni haifutwe na «e» moja.

Sisi tunaomba hivi: kila delege asome kontra kwa sauti mbele ya wafanyakazi, na kuieleza kwa Kiswahili, neno kwa neno, mbele ya mtu yeyote kutia mkono. Na wakiandika «toutes primes», tuulize palepale: ni ngapi, na kila moja ni franga ngapi? Waandike.