Tiki moja kwa siku tano

Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu Tanzania, mama mmoja wa jumuiya yetu ya Watanzania tulio nje ya nchi alimwandikia WhatsApp dada yake aliyeko Mbagala, Dar es Salaam: "Dada, mko salama?" Ujumbe ukakaa na tiki moja ya kijivu. Akaandika tena usiku, na tena alfajiri. Tiki moja. Kwenye kundi letu hakuna aliyelala. Kila mtu alikuwa na wake nyumbani.

Intaneti ilikuwa imezimwa. Ilianza kurudi kwa kusuasua Jumatatu, tarehe 3 Novemba, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Dodoma. Ilirudi pamoja na ujumbe wa polisi kwenye simu za watu: kusambaza picha na video za kuzua taharuki ni kosa la jinai. Watu walikuwa hawajamaliza kujuliana hali, tayari wanaambiwa wachunge midomo.

Wanaotetea kuzima mtandao husema wanazuia uvumi. Sisi tuliokesha siku zile tunajua kuwa uvumi ndio uliobaki. Huku nje zilizunguka picha zisizojulikana zimepigwa wapi wala lini, na idadi ya waliokufa katika ghasia za uchaguzi ilibadilika kila saa. Aliyenyamazishwa ni yule ambaye angesema, "Mimi niko hapa, nimeona hivi."

Na haya hayakuanza Oktoba. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 ndipo aandike kihalali. Kwenye uchaguzi wa 2020, Twitter na WhatsApp zikabanwa. Mwaka 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza wanaotumia VPN wajisajili. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Kila mara wengi wetu tulisema hayatuhusu, sisi si wanasiasa. Tulikosea, na tunalikiri hilo hapa.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana na haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Siku ya kura ndiyo siku ambayo haki hiyo inahitajika kuliko zote. Tunaitaka serikali iseme wazi ni nani aliyeamuru mtandao uzimwe na kwa sheria ipi.

Kwetu sisi, ombi ni moja. Kabla hujarusha video kutoka nyumbani, tazama sura zilizomo. Wewe uko mbali. Mwenye sura hiyo anaishi mtaa uleule, na anaweza kugongewa mlango usiku.

Yule mama alimpata dada yake siku ya tatu, kwa simu ya kawaida ya jirani, namba aliyokuwa ameiandika zamani nyuma ya kalenda. Waliongea dakika mbili. Watoto wote wako ndani, unga upo. Kisha salio likaisha, naye akabaki ameshika kalenda, analia.

Andikeni namba za majirani kwa kalamu, kwenye karatasi, leo.