Risala ya Waendesha Baiskeli wa Rwimbogo Kuhusu Saa ya Kuondoka

Waheshimiwa waandaaji,

Sisi waendesha baiskeli wa sekta ya Rwimbogo, wilaya ya Rusizi, tunawashukuru kwa kutuletea safari ya Kamembe hadi Huye. Tangu Kigali ipokee Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, vijana wetu wana hamu kubwa. Lakini ratiba mliyotutumia inasema tuondoke saa nne asubuhi, baada ya hotuba, na hilo hatuwezi kulinyamazia.

Saa hiyo inawafaa wageni wanaokaa kwenye viti. Haitufai sisi.

Mbio za Tour du Rwanda za 2020 ziliipita njia hii kutoka upande wa pili, Huye hadi Rusizi, kilomita 142. Waendeshaji wa mbio hizo hulipwa kwa kazi hiyo, wana baiskeli nyepesi na magari ya mafundi nyuma yao. Wengi wetu tunaendesha baiskeli za chuma zisizo na gia, zilezile zinazobeba abiria na magunia ya mchele wa Bugarama. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, bila kusimama, ni safari ya saa tisa na nusu. Aliyeondoka saa nne atafika saa moja na nusu usiku, na huyo ni yule asiyepata pancha. Kwetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima.

Tunachokihofia zaidi ni msitu wa Nyungwe ulio njiani. Barabara inapanda kupita mita 2,000, ukungu hushuka ghafla, malori hukutana nawe kwenye kona. Miezi ya mvua, mbingu hufunguka mchana, yaani wakati hasa ambao ratiba yenu inatuweka katikati ya msitu. Breki za mpira hazishiki ringi iliyolowa, nako kuna mteremko mbele. Ndani ya hifadhi hakuna nyumba ya kubisha hodi.

Tunadai kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, kunapopambazuka. Tutaingia msituni asubuhi na kufika Huye kabla ya giza, hata tukisimama kula na kuziba pancha.

Mtasema Rwimbogo si Kamembe, hatutawahi kufika saa hiyo. Ndiyo maana tunaomba namba zigawiwe jioni ya kuamkia safari, tupewe darasa au ukumbi wa kanisa wa kulala. Mikeka tutabeba wenyewe. Wenzetu wa Bukavu, upande wa Kongo, nao watakuwa wamekwisha kuvuka mpaka. Hotuba zisomwe jioni hiyo.

Wageni wakitaka kuona watu wakiondoka, klabu zenye baiskeli za mbio ziondoke saa mbili. Paris–Brest–Paris, safari ya kilomita 1,200 huko Ufaransa, ina makundi ya namna hiyo: wenye ukomo wa saa 90 huondoka jioni, wenye saa 84 alfajiri.

Tena, tarehe isiwe Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Siku hiyo kuna Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, saa mbili hadi saa tano asubuhi, nasi hatutaki kupita kwa baiskeli huku jirani zetu wakizibua mifereji.

Tunaomba jibu la maandishi kabla usajili haujafungwa. Saa nne ikibaki, Rwimbogo haitachukua namba.

Ni sisi,
Waendesha baiskeli wa Rwimbogo