Mstari Mmoja Haumtoshi Mhusika

Leo naweka misimbo kando kidogo, tuongee kuhusu kuchora.

Nimekuwa nikitengeneza programu ndogo ya simu ya kumfundisha mpwa wangu kuhesabu. Kwa kutumia Inkscape nilimchora mama muuza nyanya, kama wale tunaowaona hapa Mutuini kila jioni. Mistari yote niliipa piseli 3, safi kabisa! Mpwa wangu akatazama, akauliza: "Mjomba, huyu ni mama ama ni ile alama ya mlango wa choo?"

Nilicheka, lakini iliniuma.

Sisi waandishi wa programu tunapenda usawa, na zana zetu zinatutii. Katika SVG, kiwango ambacho W3C ilikitoa mwaka 2001, mstari mmoja una unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni rahisi kwa kompyuta, lakini si lazima kiwe kizuri kwa jicho.

Tazama katuni za Gado, aliyeanza kuchorea Nation mwaka 1992. Wino wake hunenepa na kukonda. Unajua papo hapo kipi kizito na kipi chepesi.

Kwa hivyo nilirudia kazi. Mistari ya nje niliinenepesha, hasa upande wa kivuli. Palipobeba uzito, yaani chini ya kikapu na kwenye nyayo, nikaongeza zaidi. Vidole, nyusi na mikunjo ya leso nikaviacha vyembamba. Kwa wasiojua, kalamu ya kaligrafia ya Inkscape haichori mstari hasa, bali umbo lililojazwa rangi. Ndiyo maana unene wake unaweza kubadilika. Pia kuna Power Stroke.

Najua mtasema faili inakuwa kubwa na kurekebisha ni kazi zaidi. Kweli. Na alama za vitufe ziacheni na mstari sawa, kwa sababu lazima zisomeke zikiwa ndogo. Lakini mhusika ni mtu, na mtu ana uzito. Tukimpa mtoto picha isiyo na uhai, tusimlaumu akichoka na somo.

Nilimwonyesha mpwa wangu mchoro mpya. Akasema: "Kikapu chake ni kizito. Kina nyanya ngapi?"

Akaanza kuhesabu.

Nawe unachora kwa zana gani? Tuambie hapo chini.