Adui wako umemvika kanzu ya nani?



Ndugu zangu, wiki iliyopita baada ya Isha kijana mmoja wa hapa Mpanda alinifuata na kompyuta yake. Anatengeneza geimu ya vita. Akanionyesha adui aliyemchora: mdunguaji, yule vijana wanayemwita snaipa, amelala juu ya paa na bunduki yenye darubini. Mashallah, kijana ana kipaji. Lakini yule adui ana kanzu, kilemba na ndevu. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwa nini huyu?" Akajibu, "Sheikh, maadui wa kwenye magemu ndivyo walivyo."

Hukumu ya kuchora viumbe ina maneno yake, nitaiandika siku nyingine inshallah. Leo nazungumzia kanzu.

Mwaka 2010 ilitoka geimu ya Medal of Honor, ya vita vya Afghanistan. Wachezaji wakishindana, wengine walikuwa upande wa Taliban. Familia za askari waliouawa kule ziliumia, na kampuni ikaliondoa jina hilo. Jina tu, mchezo ukabaki vilevile. Kwa hiyo usiniambie "ni mchezo tu sheikh". Wenyewe walikubali kwamba mchezo unaumiza watu. Wewe mwanao kila jioni yuko kwenye kibanda cha magemu analenga kilemba kama cha babu yake, nawe unampa hela ya kuchezea.

Na sisi wa Katavi hatuna udhuru. Katumba na Mishamo wapo wazee waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Kaa nao kwa adabu, wakikubali kuzungumza uwasikilize. Waliouawa na waliowaua walisema Kirundi kilekile. Kanzu haikuwatenganisha.

Usamah bin Zayd (r.a.) alimuua mtu vitani aliyekwisha tamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (s.a.w.) akamkemea vikali, akamuuliza kama aliupasua moyo wake akajua. Huyo alikuwa uso kwa uso na mtu wake! Itakuwaje anayehukumu kilemba kwa darubini, toka mbali?

Nilimwambia kijana: sikukatazi kumweka mdunguaji. Mfanye mgumu kushindwa. Mfiche vizuri, kioo cha darubini kimulike kidogo ili mchezaji makini apate nafasi. Ila uadui wake utokane na anachokifanya. Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanawake na watoto vitani. Basi mwonyeshe akiwapiga akina mama wanaochota maji, mchezaji atamchukia bila kuambiwa. Mvishe kombati, mvishe suti, mvishe koti la mvua.

Akajikuna kichwa. Akasema kanzu ni rahisi, mchezaji akiiona tu anajua huyu ni wa kupigwa.

Nikamwambia arudie hayo maneno polepole. Akayarudia, akafunga kompyuta. Amesema Ijumaa ataniletea mchoro mwingine.

Wallahu a'lam.