Wito kwa Waumini wa Cheptais: Tuwasindikize Akina Mama Hawa

Fomu ya basari ina swali moja dogo: baba yu hai au ni marehemu? Huku Mlima Elgon wako akina mama wasiojua wajibu nini. Waume zao walichukuliwa wakati wa vita vya ardhi vya 2006 hadi 2008, wengine na vijana wa kundi lenye silaha la SLDF usiku, wengine na wanajeshi wa Operesheni Okoa Maisha, iliyoanza Machi 2008, wakapelekwa kambi ya jeshi ya Kapkota. Hawakurudi. Mama akiandika "hai", anaulizwa mbona baba hajatia sahihi. Akiandika "marehemu", anaombwa cheti cha kifo. Shamba nalo bado liko kwa jina la mume.

Na bado Jumapili utamkuta kanisani. Njooni Cheptais siku ya sadaka ya mavuno: viazi, vitunguu, mahindi, jogoo aliyefungwa miguu akilalamika katikati ya mahubiri. Mnada ukianza, kabichi ya bei ya kutupa hupanda hadi mia tano, na aliyeshinda huibeba na kumpa mama aliyeketi nyuma kabisa. Hapo vigelegele havina mwisho, naye mama anacheka mpaka anafuta machozi kwa leso. Imani haijamwambia mumewe yuko wapi. Imempa watu wa kukaa nao wakati hajui, na furaha yake imetoka hapo.

Ndiyo maana nakereka nikisikia "tumwachie Mungu" ikitumika kufunga mazungumzo. Kumwachia Mungu ni sawa. Kumwachia kazi ya karani wa mahakama, hapana.

Maana njia ya mahakamani ipo. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepata habari zake kama angekuwa hai, huchukuliwa kuwa amefariki, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa waliopotea 2008, muda huo ulitimia 2015. Kinachokosekana mara nyingi ni nauli, wakili, na mtu wa kusimama kando ya mama anapoeleza habari ambayo hapendi kuieleza mbele ya wageni.

Kanisa linaweza kufanya hilo. Baada ya vita, Kanisa la Marafiki liliwakalisha pamoja majirani waliokuwa wakiogopana, wakasikilizana machungu. Kusindikizana kortini si kazi kubwa kuliko ile.

Asiye tayari asisukumwe. Yuko anayeona kwamba kuomba mahakama itamke kwamba mumewe amefariki ni kumzika kwa mkono wake mwenyewe. Huyo tukae naye hivyo hivyo, tumtaje mumewe katika sala kwa jina, bila kusema yu hai au amekufa.

Nanyi mlio Kitale na Bungoma mjini, wenye asili ya huku mlimani: mnawajua mawakili, na nauli haiwasumbui. Mkija Jumapili, muulizeni mchungaji au katekista ni mama gani anataka kwenda mahakamani, na mmoja wenu aende naye.