Kazi ya Mungu na Makosa Yetu

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili aliponiuliza swali ambalo limenilazimisha kuandika kurasa hizi. Tulikuwa uani tukipukuchua mahindi. Bila kuniangalia usoni, akasema, “Mjomba, Mungu alimhitaji mama kwa kazi gani?”

Mama yake alikuwa mdogo wangu. Alifariki usiku ule ule aliomzaa binti huyu. Alijifungua vizuri katika zahanati, kisha damu ikakataa kukatika. Mkunga alijitahidi kwa vifaa alivyokuwa navyo, navyo vilikuwa vichache. Gari la kumpeleka hospitali ya wilaya lilikuwepo, ila halikuwa na mafuta. Tulipopata gari la mfanyabiashara mmoja kulikuwa kunakaribia kucha, na mdogo wangu alikata roho njiani. Makaburini mzee wa kanisa alisimama akasema yale ambayo sote tumeyazoea: kazi ya Mungu haina makosa. Tukaitika Amina. Nami niliitika. Amina ile imenikwama kooni kama mwiba wa samaki mpaka leo.

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Siandiki kukana enzi ya Mungu. Naamini kwamba Mungu ni mtawala wa vyote, wa mbinguni na wa duniani, na kwamba hakuna shomoro aangukaye bila Yeye kujua. Nisingeamini hivyo ningekuwa nimekwisha kukata tamaa. Ninalolipinga ni desturi yetu ya kulitwaa fundisho hili kubwa na kuligeuza blanketi la kufunikia uzembe wetu. Gari halina mafuta, tunasema ni mapenzi ya Mungu. Daraja limebomoka na hakuna aliyelitengeneza, tunasema ajali haina kinga. Huko si kumtukuza Mungu. Ni kumsingizia.

Chukua mfano ambao Watanzania wengi hatutausahau. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Meli ile ilipaswa kubeba abiria 430, lakini siku ile ilibeba wengi kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa lile lile, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kivuko hicho kilipaswa kubeba watu 101. Kati ya misiba hiyo miwili ipo miaka 22. Je, tuseme kwamba Mungu ndiye aliyekata tiketi zile za ziada? La hasha! Maji yalitii sheria aliyoyawekea Muumba tangu mwanzo, na chombo kikatii sheria ya uzito. Waliokaidi ni wanadamu. Na kila mara tunapouita ukaidi huo “kazi ya Mungu”, tunaandaa msiba mwingine, maana asiye na kosa hana la kujirekebisha.

Najua nitajibiwa kwa Maandiko. Nitaambiwa habari za Ayubu, aliyepoteza watoto na mali katika siku moja akalibariki jina la Bwana. Vema. Lakini angalia ni nani aliyesema. Ni Ayubu mwenyewe, aliyefiwa, akiwa ameanguka chini na vazi lake limeraruliwa. Hakuambiwa maneno hayo na walinzi waliolala zamu. Marafiki zake walipojifanya kumweleza nia ya Mungu katika mateso yake, mwisho wa kitabu Mungu aliwakemea wao, si Ayubu. Tazama pia Yusufu. Ni yeye, aliyeuzwa, aliyewaambia ndugu zake kwamba Mungu aliugeuza ubaya wao kuwa wema. Fikiri kama ndugu zake wangetangulia kulisema neno hilo: “Yusufu, usilalamike, tulikuuza kwa mapenzi ya Mungu.” Neno lile lile ambalo kinywani mwa aliyeonewa ni imani, kinywani mwa aliyeonea lingekuwa ufidhuli. Sisi tuliosimama kaburini kwa mdogo wangu hatukuwa Ayubu wala Yusufu. Wengi wetu tulikuwa upande wa ndugu.

Nasema “sisi” kwa sababu sina haki ya kujitoa. Mwaka ule nilikuwa mtunza hazina wa kamati ya usharika. Tulichanga, tukauza kuku na ndizi kwa mnada baada ya ibada Jumapili hadi Jumapili, tukanunua vipaza sauti na jenereta ya kuviendesha. Mzee mmoja alipendekeza tutenge kidogo kwa ajili ya wagonjwa wanaohitaji usafiri. Mimi ndiye niliyesema kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Usiku wa msiba jenereta ilikuwa na mafuta yake stoo. Gari la wagonjwa halikuwa na tone.

Sasa tuulize: mtu ameumbwa kwa ajili ya nini? Katekisimu fupi ya Westminster, iliyokamilishwa mwaka 1647, inaanza na swali hilo hilo, na jibu lake ni kwamba mwanadamu yupo ili amtukuze Mungu na kumfurahia milele. Nalikubali jibu hilo kwa moyo wote. Lakini Mungu hutukuzwa kwa njia gani? Kitabu cha Mwanzo kinasema mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, akapewa kutawala viumbe, akawekwa katika bustani ailime na kuitunza. Hapo ndipo yalipo makusudi ya mtu: ni wakili. Na Kaini alipojifanya hajui kwamba alipaswa kumlinda ndugu yake, Mungu hakumwambia kwamba kifo cha Habili kilikuwa kimepangwa. Alimdai damu.

Kwa hiyo wanaodhani kwamba enzi ya Mungu inapunguza wajibu wa mtu wameligeuza fundisho juu chini. Pasipo mwenye mali, wakili atatoa hesabu kwa nani? Ni kwa sababu Mungu anatawala ndiyo maana uzembe wetu ni dhambi, wala si bahati mbaya tu. Hata John Calvin, ambaye hakuna awezaye kumshuku kwamba aliipunguza enzi ya Mungu, alifundisha kwamba Yeye aliyeiwekea maisha yetu mipaka ametukabidhi pia kuyatunza, akatupa njia za kuyalinda. Wahenga wetu walinena kwamba jitihada haiondoi kudura. Ni kweli. Lakini na kudura haiondoi jitihada.

Yupo atakayeniambia: “Unawanyang’anya wafiwa faraja yao.” Hoja hii naiheshimu, maana nimekuwa mfiwa. Lakini faraja ya Mkristo haijengwi juu ya kwamba Mungu alipenda mama afe kwa kukosa damu. Imejengwa juu ya kwamba Kristo alilia kaburini kwa Lazaro, na kwamba kifo ni adui atakayekomeshwa. Mtu halilii jambo alilolifurahia. Anayetufariji ni Mungu anayeweza kukiokota hata kilichovunjwa na mikono yetu. Hilo ni tofauti kabisa na kusema kwamba Yeye ndiye aliyekivunja.

Nilimjibu mpwa wangu hivi: “Mungu hakumwua mama yako ili apate mfanyakazi. Mama alitokwa na damu nyingi, na sisi tuliopaswa kumfikisha hospitali hatukujiandaa. Mungu amempokea. Lakini kosa lilikuwa letu.” Alinyamaza kitambo, akiendelea kupukuchua. Kisha akauliza, “Na sasa mmejiandaa?”

Nilipeleka swali hilo kwenye kamati. Wengine walikasirika, wakasema namfundisha mtoto kuhukumu wazee. Tulibishana majuma matatu. Leo upo mfuko mdogo kwa ajili ya usafiri wa wagonjwa, na daftari lake liko kwangu. Fedha zake hazitoshi, na miezi mingine hazifiki hata nauli ya safari moja. Lakini lipo.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji na wazee wetu: kaburini tuombeeni, tufarijini, tutajieni ufufuo. Kisha, matanga yakiisha, tuiteni tukae tuulizane ni nini hatukufanya. Kazi ya Mungu haina makosa, naam. Makosa ni yetu, na hesabu yake tutadaiwa.